Fundi Saa na Mwezi wa Uani

Mwaka 1956 Ishak bin Salehe alitimiza miaka arobaini na mmoja, na karibu nusu ya miaka hiyo alikuwa ameipitisha akiwa amefumba jicho la kushoto. La kulia lilikuwa kazini, nyuma ya kile kioo cheusi kidogo ambacho mafundi saa hukibana kwenye jicho. Alikaa barazani kwake mtaani Bondeni, Nakuru, mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe ili skrubu ikianguka isipotee. Baba yake alipanda na reli kutoka pwani akiwa mpishi wa mafundi wa madaraja. Ishak mwenyewe alizaliwa Nakuru, akajifunza kazi miaka saba kwa fundi mmoja wa Kihindi, na bahari alikuwa ameiona mara moja tu.

Mtaani alijulikana kwa jambo moja. Ukimwuliza ni saa ngapi, hakukuambia "saa nne hivi". Alikuambia saa nne na dakika saba, na kama hakuwa na hakika na hizo saba alikuomba ungoje kidogo. Wapo waliomwona mtu wa kuchosha. Hata hivyo, mtu akisema "Ishak amesema", ubishi ulikwisha.

Darubini ilimfikia katika kumi la pili la Ramadhani, imefungwa kwa kamba kwenye baisikeli ya Kosgei, mpishi wa shamba moja la mzungu huko Kabazi. Ilikuwa mrija mrefu wa shaba, umeingia kutu ya kijani kwenye maungio, na miguu mitatu ya mbao ambayo mmoja ulikuwa umevunjika na kufungwa waya.

"Memsabu anasema mzee wake alikuwa anatazama nyota na hii," Kosgei alisema. "Mzee alikufa, na memsabu anarudi kwao Ulaya. Anasema iko na meno ndani kama saa, na yameshikana. Ukiweza kutengeneza, kaa nayo."

"Na nisipoweza?"

"Hakusema. Lakini mimi naona utakaa nayo tu, maana hii kitu siirudishi Kabazi na baisikeli."

Ishak aliitengeneza kwa siku mbili. Meno yaliyokuwa yakisogeza kioo mbele na nyuma yalikuwa yamejaa mafuta yaliyoganda na buibui mmoja mkavu. Aliyasafisha, akapaka mafuta ya saa, akaisimamisha darubini uani na kuielekeza mlima Menengai. Miti ya ukingoni ilionekana safi, jani kwa jani, ila ilikuwa imesimama kwa vichwa.

Akafungua vioo vyote, akavipanga upya. Miti ikabaki vilevile. Ilimchukua mchana mzima kukubali kwamba chombo kilitengenezwa hivyo, na kwamba mzee wa Kabazi hakujali nyota kuwa juu chini.

Kipindi hicho cha hali ya hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, haikuwa busara kuwa na mrija mrefu uani na kuuelekeza mlimani. Jioni ileile askari wa doria alipita, akausikia mtaa ukizungumza, akaingia.

"Hii ni ya kupiga nini?"

"Ya kutazama tu, bwana askari. Tazama."

Askari aliinama, akatazama kwa muda, akaondoa jicho, akatazama mlima wenyewe, akarudi kwenye kioo. "Nyinyi watu wa Bondeni," alisema, "hata mlima mmeupindua." Akaenda zake bila kuandika chochote.

Usiku wa kwanza wa nyota Ishak alitoka tarawehe saa tatu kasoro, akaielekeza darubini upande wa mashariki kwenye nyota moja iliyotulia, isiyopepesa. Akazungusha meno taratibu. Nyota ikaacha kuwa ukungu, ikawa duara dogo la manjano, na duara hilo lilikuwa na masikio mawili.

Fundi saa akiona kitu cha ajabu kwenye kioo, kwanza hukituhumu kioo. Ishak alikitoa kile kidogo cha kutazamia, akakipumulia, akakifuta kwa ngozi, akakirudisha. Masikio yakabaki palepale. Basi akafanya jaribio la ufundi wake: alikizungusha kioo mahali pake, pole pole, kama anayefungua kifuniko cha saa. Uchafu wa kioo huzunguka na kioo. Masikio hayakuzunguka. Kwa hiyo hayakuwa kwenye kioo, yalikuwa mbinguni. Alipozidi kutulia akaona kwamba si masikio bali ni pete, imezunguka ile nyota bila kuigusa.

Akamwita mkewe. Mboni alikuja akiwa na unga mikononi, maana alikuwa akikanda mikate ya daku.

"Ina kofia," alisema.

"Ni pete."

"Kofia ya kizungu, yenye ukingo. Nani mwingine umemwonyesha?"

"Hakuna."

"Vizuri. Tukae hivyo kwanza."

Hakukaa hivyo. Usiku uliofuata, baada ya mvua kukatika, aligundua nyota kubwa karibu na utosi wa mbingu ikiwa na vinyota vinne vimejipanga kando yake kama vifungo vya koti. Kesho yake vilikuwa vitatu, na vimebadilisha nafasi. Alivichora nyuma ya kalenda, tarehe na dakika. Habari zilifika kwa jirani yake Dualeh, mchinjaji, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye zizi lake liligusana na ua wa Ishak.

"Fundi," Dualeh alimwita kutoka upande wa pili wa ukuta, "hilo bomba lako likionyesha mvua ya kesho, niambie. Likionyesha jikoni kwangu, nifiche."

"Jikoni kwako hakuhitaji darubini. Harufu inatosha."

Hivyo ndivyo Ishak alivyoanza, akiwa na usiku sita au saba wa kutazama, nusu yake mawingu, kwa sababu Ramadhani hiyo iliangukia kwenye mvua za masika. Jambo moja linafaa kuelezwa hapa. Mwezi wenyewe hakuwahi kuutazama kwa kile chombo. Katika kumi la mwisho mwezi huchomoza usiku wa manane au karibu na alfajiri, na saa hizo Ishak alikuwa amelala au akila daku. Magharibi pia hakuwahi kuitazama. Wakati wa futari alikuwa mkekani, kisha msikitini, na alipotoka tarawehe upande huo ulikuwa umekwisha kuzama nyuma ya bati la jiko lake.

Siku ya ishirini na tisa ilifika.

Utaratibu wa Waislamu wa Nakuru ulikuwa wa kawaida. Jioni ya ishirini na tisa wanaume waliokuwa na macho mazuri walitoka kwenda uwanja wa wazi karibu na reli, wakatazama ukingo wa milima ya Mau jua linapozama. Aliyeuona mwezi alikwenda kwa Maalim Alamin, imamu wa msikiti, akaulizwa, kisha akaapa. Akikubaliwa, tarawehe haikusaliwa usiku huo, na kesho yake mji wote ulikula kwa neno lake. Ndiyo maana watu hawakuwa wakikimbilia kuapa. Mwenye kukosea alikuwa amelisha mji mzima mchana wa Ramadhani, na hakuna aliyesahau jina lake.

Ishak hakuwahi kwenda uwanjani. Kwa miaka arobaini mwezi wa Idi aliupokea kama watu wanavyopokea barua: ukiwa umekwisha kufika. Lakini mwaka huo alikuwa na darubini, na jua lilipotua, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne kwa saa yake, alifuturu kwa tende moja na maji, akaenda uani na kupiga goti nyuma ya mrija.

Mau ilikuwa imefunikwa. Ukuta wa mawingu ya rangi ya majivu ulisimama kutoka ardhini hadi juu sana, na palikuwa na ufa mmoja tu, juu kidogo ya bati la jiko. Ishak akaingiza jicho kwenye kioo, akaanza kuupekua ule ufa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha chini kidogo, kisha kulia kwenda kushoto, kama mtu anayetafuta skrubu ya saa ya mkono iliyodondoka kwenye zulia. Hakuinua kichwa hata mara moja. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na nane, mwezi ukaingia.

Ulikuwa mdogo, mweupe, safi, na pembe zake mbili zilionekana wazi. Ukubwa wake ulikuwa uleule wa mwezi kama unavyoonekana siku zote, na hilo halikumshangaza, kwa sababu hakujua kwamba ndani ya darubini mwezi hujaza kioo kizima na kuzidi. Alikumbuka jaribio lake. Akazungusha kioo cha kutazamia, pole pole. Mwezi haukuzunguka. Haukuwa uchafu wala mkwaruzo. Ulikuwa mbinguni.

"Mboni."

Mboni alikuja, akainama, akatazama. "Ni mdogo," alisema.

"Ni wa leo."

"Una pembe, kweli." Akainuka, na kabla Ishak hajasema jambo la pili, mkewe alikuwa amepiga kigelegele ambacho kilisikika hadi zizini kwa Dualeh. Kutoka nyumba ya pili wakajibu, na ya tatu. Debe likapigwa mahali fulani. Ishak aliporudisha jicho kwenye kioo, ufa ulikuwa umejifunga na kilichobaki kilikuwa kijivu kitupu.

Alikaza skrubu ya miguu ili mrija usisogee, kwa mazoea tu ya kazi, akavaa kanzu, akaenda msikitini.

Maalim Alamin alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, wa ukoo uliotoka Lamu, na miwani yake ilishikiliwa na uzi upande mmoja. Watu waliokuwa wametoka uwanjani bila kuona chochote walikuwa wamekaa mikekani wakinywa uji. Wote walisogea.

"Wewe umeuona, Bwana Ishak."

"Nimeuona, Maalim. Na mke wangu ameuona."

"Ulikuwa wapi?"

"Uani kwangu."

Watu wakacheka. Maalim hakucheka. "Mwezi hauingii uani kwa mtu. Ulikuwa upande gani?"

"Magharibi."

"Pembe zilielekea wapi?"

"Chini. Lakini kile kioo kinapindua, kwa hiyo kwa kweli zilielekea juu."

Maalim alifumba macho kidogo, akiipindua picha ile kichwani. "Haya. Mwembamba au mnene?"

Ishak alifikiri. "Si mwembamba sana. Kama kipande cha tikiti."

"Uliuona kwa macho yako?"

"Kwa darubini."

Hapo mzee mmoja nyuma akasema kwamba kioo hakihesabiwi, mwezi ni wa macho. Maalim aligusa miwani yake. "Mimi bila kioo hata wewe unayesema sikuoni. Tuendelee. Bwana Ishak, ulikuwa juu kiasi gani kutoka ardhini?"

Ishak aliinua mkono kuonyesha, akaurudisha. "Sikupima," alisema.

Kisha sauti ya Dualeh ikatoka mlangoni: "Ishak hakupima? Basi hakika dunia inakwisha, tule tu."

Safari hii hata Maalim alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Nakuuliza kwa sababu hii," alisema. "Mwezi wa siku moja haukai. Huonekana chini kabisa, pale jua lilipoingia, na kabla hujamaliza futari umekwisha kutua. Watu wote hawa walitazama pale, wakaona wingu. Wewe uliutazama wapi? Nenda kapime. Nakungoja mpaka isha. Ukirudi, utaapa au hutaapa."

Ishak alirudi nyumbani. Njia haikuwa ndefu, lakini mtaa ulikuwa umekwisha kuamua. Wanawake walikuwa wakitoa masufuria makubwa. Mtu alimwambia "Idi njema, fundi" akiwa bado mbali. Zizini kwa Dualeh fahali mwekundu alikuwa ameletwa karibu na mlango na taa ya kandili imetundikwa juu yake. Uani kwake Mboni alikuwa ameloweka mchele wa vitumbua, na majirani wawili walikuwa wameleta mchele wao kwenye mabeseni.

Mrija ulikuwa palepale alipoukaza. Ishak aliingia ndani, akatoka na uso wa saa ya ukutani, ile sahani nyeupe yenye namba, haina mishale. Aliushikilia kando ya mrija, akaning'iniza uzi wenye nati katikati yake ili ajue wima ni wapi. Kwenye sahani ya saa, dakika ya sitini ni utosi wa mbingu, na ya kumi na tano ni pale ardhi inapokutana na anga. Mrija ulikuwa ukielekea dakika ya tisa.

Akapima mara ya pili, na ya tatu. Dakika ya tisa.

Mengine yalikuwa hesabu ya kazi yake. Mbingu nzima huzunguka mara moja kwa siku, kama mshale mmoja wa saa ya masaa ishirini na manne. Kitu kilichokuwa juu kiasi kile wakati wa magharibi kingehitaji saa mbili na nusu kushuka hadi Mau. Mwezi wa Maalim hutua kabla ya futari kwisha. Vitu hivyo viwili haviwezi kuwa kimoja.

"Vipi?" Mboni aliuliza.

"Ngoja."

Saa moja na dakika ishirini na tano ufa ukafunguka tena. Ishak alikuwa amesimama, hakuwa amepiga goti, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo aliitazama magharibi kwa macho mawili. Juu ya bati la jiko palikuwa na nyota. Ilikuwa nyota ya jioni, ile Zuhura ambayo kila mtu huijua, yenye kung'aa kuliko zote. Karibu yake hapakuwa na mwezi.

Akalegeza skrubu, akauteremsha mrija hadi kwenye nyota, akatazama. Pembe mbili, nyeupe, safi. Akaondoa jicho: nyota. Akarudisha: mwezi mdogo. Akafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Mboni, tazama huku juu. Unaona nini?"

"Nyota."

"Sasa huku ndani."

Mboni alitazama, kisha akaketi kwenye kinu. "Na mimi nimeipigia kigelegele."

"Nyota ina pembe," Ishak alisema. "Sikujua kwamba nyota inaweza kuwa na pembe."

"Hakuna anayejua. Hakuna atakayejua. Husikii, Baba? Keti. Usiende kabisa. Maalim asipokuona, hakuna aliyeapa; watafunga, mambo yamekwisha."

"Nusu ya mtaa imekwisha kuloweka mchele. Nisipokwenda, nusu watafunga na nusu watakula, na kila nusu itasema ni kwa neno langu."

"Basi nenda useme wingu lilifunga, huna hakika."

Hilo lilikuwa la kujaribu mtu. Lilikuwa karibu kweli, na lingemtoa msikitini akiwa na heshima yake yote. Ishak aliipangusa sahani ya saa kwa mkono wa kanzu, akaiweka mezani. "Hakika ninayo," alisema. "Hiyo ndiyo taabu."

Alipofika msikitini adhana ya isha ilikuwa inakaribia na watu walikuwa wameongezeka hadi barazani. Walimpisha. Hakungoja kuulizwa.

"Maalim, siapi. Nilichokiona nilikiona, lakini jina nililokipa si lake. Si mwezi. Ni Zuhura. Ukiitazama kwa kioo ina pembe kama mwezi. Kosa ni langu, na mke wangu alitazama kwa kuwa nilimwita."

Kicheko kilianzia mlangoni na kikaenda hadi kibla. Kukosea mwezi kulikuwa jambo moja. Kuja kusema nyota ina pembe lilikuwa jingine. Mtu akauliza kama ina mkia pia. Mwingine akasema saa yake iko kwa Ishak tangu Jumatatu, na sasa anaogopa kurudishiwa ikiwa kuku. Dualeh akasema, "Jamani, mwacheni, mtu amefunga siku ishirini na tisa," na hilo liliwachekesha zaidi.

Ishak alisimama tu. Alikuwa amesema mambo mawili, moja la kukiri na moja la kweli, na alikuwa akiona la kweli ndilo linalomwangusha.

Maalim Alamin alingoja hadi walipochoka. "Bado iko juu?" aliuliza.

"Itakaa hadi saa tatu na robo."

"Umepima."

"Nimepima."

"Tutasali isha. Kisha tarawehe itangoja robo saa. Lileteni hilo bomba."

Aliyelileta ni Dualeh, amelibeba begani kama ndama, na Ishak nyuma yake na ile miguu mitatu. Waliisimamisha darubini mbele ya msikiti, mahali ambapo barabara ilikuwa wazi hadi Mau. Mawingu yalikuwa yamepasuka vipande vipande. Ishak aliikamata nyota, akazungusha meno, akarudi nyuma.

Maalim alivua miwani, akampa mtu aishike, akainama. Alitazama muda mrefu kuliko watu walivyotarajia. Nyota ilikuwa ikisogea na kutoka kwenye kioo, na mara mbili Ishak alilazimika kuirudisha. Maalim akainuka, akaitazama mbingu, akaomba miwani yake, akaitazama tena, akavua miwani na kuinama mara ya pili.

"Maalim," mtu alisema, "iko?"

"Ningeonyeshwa mimi kwanza," Maalim alisema, "ningeapa kabla yake."

Baada ya hapo ilikuwa foleni. Robo saa iliongezeka ikawa dakika arobaini, na Ishak peke yake ndiye aliyezihesabu. Kila mtu alitazama juu, kisha ndani, kisha juu. Yule wa mkia alitazama mara tatu. Dualeh aliweka jicho, kisha akaondoka akisema lazima akamrudishe fahali nyuma kabla hajaelewa mambo. Zuhura ilipokaribia ukingo wa Mau, watu walikuwa wamekwisha kuingia ndani, na tarawehe ya mwisho ya mwaka huo ilisaliwa na safu zilizojaa kuliko siku yoyote ya mwezi.

Kesho yake Nakuru ilifunga siku ya thelathini. Mchele uliolowekwa ulichacha kidogo, na vitumbua vya futari hiyo vilikuwa na uchachu ambao baadhi ya watu waliusifu. Idi ikasaliwa siku iliyofuata. Wiki nzima watoto waliopita barazani kwa Ishak walimwuliza Zuhura hajambo, na mteja mmoja alitaka kujua kama saa aliyorudishiwa ni saa au inafanana na saa. Ishak alijibu kwamba hajambo, na kwamba ni saa.

Siku ya tatu ya Idi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Maalim Alamin alipanda barazani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akatoa kwenye kanzu saa ya mfukoni yenye kifuniko cha fedha. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiipeleka kwa fundi mwingine, karibu na soko. Ni kwa saa hiyo adhana iliadhiniwa, na ni kwa hiyo watu wa Bondeni walifuturu na kuacha kula daku.

"Inakwenda vizuri," Maalim alisema. "Nataka tu uipime. Na utakachokiona uniambie mimi."

Ishak alikaa nayo siku mbili. Aliilinganisha na saa ya stesheni asubuhi na jioni, akaifungua, akaitazama mashine yake kwa lile jicho la kulia, akaifunga. Maalim aliporudi hapakuwa na mteja mwingine barazani. Mboni alikuwa ndani akichambua kunde.

"Inachelewa dakika tatu," Ishak alisema.

Maalim alihesabu kwa vidole juu ya goti. "Kwa futari hakuna neno," alisema. "Tulikawia tu." Vidole vikaendelea, vikasimama. "Kwa daku tumekula alfajiri ikiwa imekwisha kuingia." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba, akaivaa. "Tangu lini?"

"Saa haisemi tangu lini, Maalim."